Moto Ambao Yesu Alikataa Kuushusha



Tufungue Luka 9:51-56. Yesu yuko njiani kwenda Yerusalemu, na kijiji kimoja cha Wasamaria kinakataa kumpokea. Yakobo na Yohana wanakasirika, wanaomba ruhusa moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze wote. Walidhani wanamtetea Bwana. Lakini Yesu aliwageukia wanafunzi wake mwenyewe akawakemea, kisha wakaenda kijiji kingine.

Moto wa namna hiyo tunaufahamu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, jirani na Bwera. Walichoma bweni la wavulana. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Tarehe 15 Januari mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka huko Kasindi, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste wakati wa ubatizo. Wengi wetu tulivukia mpaka huo, tukapumzika Bwera, tukapitishwa Kasese hadi kufika huku kambini. Waliokufa ni watoto wetu na ndugu zetu.

Lakini tuseme pia yaliyotokea kwetu. Juma lile la msiba, penye bomba la maji, mama mmoja mwenye hijabu aliambiwa arudi nyuma na jerikani yake mpaka Wakristo wote wachote. Mama huyo alikimbia ADF kama sisi. Aliyemwambia ni mtu wa kanisa letu, na sisi tuliokuwa kwenye foleni tulinyamaza.

Ndugu, tujiulize. Joseph Kony aliliita jeshi lake Jeshi la Bwana, akataja Amri Kumi huku akiteka watoto wa Kaskazini. Ni nani kati yetu aliyekubali kulaumiwa kwa ajili ya Kony? Sote tulisema, huyo si wetu. Basi jirani akisema ADF si wake, mbona hatumsadiki? Mei 2021, mjini Beni, Shehe Ali Amini aliyekuwa akiwakemea waasi hadharani alipigwa risasi msikitini akiwa katika sala.

ADF walipoishambulia Mpondwe mara ya kwanza, Novemba 1996, hawakuwa watu wa dini peke yao. Walikuwamo wapiganaji wa zamani wa NALU wenye madai yao ya siasa, na serikali za Sudan na Zaire za wakati ule ziliwasaidia kwa sababu ya ugomvi wao na Kampala. Siasa ilivaa joho la dini.

Nchi kubwa nazo hujaribiwa. Tarehe 16 Septemba 2001, siku tano baada ya mashambulio ya New York na Washington, Rais George W. Bush alivifananisha vita vyake na vita vya msalaba. Kesho yake alikwenda kituo cha Waislamu mjini Washington akasema Uislamu ni amani. Alifanya vema. Lakini tayari tarehe 15, huko Arizona, mtu wa dini ya Sikh mwenye kilemba alikuwa ameuawa na mtu aliyemdhania Muislamu. Neno hurekebishwa, aliyekufa harudi.

Wapendwa, askari alinde mpaka, hakimu ahukumu wauaji. Hiyo ni kazi ya serikali, nasi tunaiombea. Lakini mimbari isibariki bunduki ya mtu yeyote, wala isimpigie debe mwanasiasa anayetafuta kura kwa chuki.

Na mama yule wa penye bomba bado hatujamwomba msamaha. Jumapili hii, tukitoka ibadani, twende kwake pamoja. Tusimwachie kazi hiyo mchungaji peke yake.

Mungu atusaidie. Amina.