KUNA ULIMI MKONONI MWAKO!

Kabla hujaikunja karatasi hii na kuitia mfukoni, toa kwanza simu yako uitazame. Kama huna, mtazame mwenye nayo hapo karibu. Je, wajua kwamba kitu hicho ni ulimi? Yakobo katika sura ya 3 ya waraka wake aliufananisha ulimi na moto, na wakati ule ulimi ulikaa mdomoni tu. Mtu akitukana sokoni, walisikia waliokuwa sokoni. Leo ulimi umehamia kwenye kidole gumba. Mtu amelala kitandani, amejifunika shuka, na anamtukana mwenzake mbele ya mji mzima!

Nasema hasa na wewe kijana wa miaka 13, 15, 17. Na wewe mzazi wake usiondoke, zamu yako inakuja.

Unajua jinsi inavyoanza. Likizo imefika, grupu la WhatsApp la darasa linafunguliwa. Siku ya kwanza ni salamu na majibu ya hesabu. Siku ya tatu mmoja anatupia picha ya binti aliyepigwa akiwa amefumba macho, nywele hazijasukwa. Hahaha. Mwingine anampa jina la mnyama. Wa tatu anatengeneza stika. Kufika jioni binti yule hana jina tena, anaitwa kwa ile stika. Shule zikifunguliwa, stika imemtangulia getini. Ukiuliza, wanakwambia eti ni utani. Ndugu yangu, utani wanacheka wawili. Hapo anacheka nani?

"MIMI SIKUANDIKA, NILISAMBAZA TU"

Hilo ndilo neno ninalolisikia zaidi kwa vijana. Haya, mimi elimu yangu ya shule ni darasa la saba, lakini hesabu hii naiweza. Mwaka 2019 WhatsApp waliweka kikomo, ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya watu au magrupu 5 kwa mara moja. Sasa wewe mpelekee watu 5. Kila mmoja wao apelekee 5, hao ni 25. Nao wapelekee 5 kila mmoja, ni 125. Halafu 625. Halafu 3,125. Ni hatua tano tu, chai haijapoa! Na hapo nimehesabu watu, sijahesabu magrupu. Wewe uliyesambaza tu ndiwe uliyefungua mlango wa hao elfu tatu.

Kuna binti mmoja wa Kanada, jina lake Amanda Todd, habari zake zinajulikana dunia nzima. Akiwa bado mtoto wa shule, mtu asiyemjua alimshawishi mbele ya kamera ajifunue mwili. Mara moja tu! Mtu yule akaihifadhi picha, akaanza kumtisha, akaipeleka kwa watu wanaomfahamu. Binti akahama shule, picha ikamfuata. Wanafunzi wenzake nao badala ya kumshika mkono wakamcheka na kumtenga. Septemba 2012 aliweka video, hakusema neno, alionyesha karatasi moja baada ya nyingine zilizoandikwa mateso yake. Oktoba mwaka huohuo alijiua. Alikuwa na miaka 15.

Yule mwanaume alikuwa wapi? Uholanzi, ng'ambo ya bahari! Alijificha nyuma ya majina ya bandia. Lakini mwaka 2022 mahakama ya kule British Columbia ilimtia hatiani ikamhukumu miaka 13 jela. Alifikiri akaunti feki ni pango. Hakuna pango kama hilo, wala mbele za Mungu wala mbele ya polisi. Lakini mimi swali langu haliko kwa yule mtu peke yake. Wale wanafunzi waliocheka, ambao hakuna mahakama iliyowaita, wao leo ni watu wazima wenye watoto. Wanalalaje?

PENINA HAKUSHIKA FIMBO

Fungua 1 Samweli sura ya 1. Hana alikuwa hana mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza kwa jambo hilohilo mwaka baada ya mwaka. Biblia haisemi Penina alimpiga hata kofi. Ni maneno tu! Na matokeo yake ni nini? Hana alilia, na chakula kikamshinda. Maneno yalishuka mpaka tumboni.

Ndivyo yanavyofanya kwa kijana leo. Usingizi unakwisha. Asubuhi ya shule kichwa kinauma, tumbo linauma, ukimpeleka zahanati kipimo hakionyeshi kitu. Alama zinashuka. Simu ikilia anashtuka. Anaacha kwaya, anaacha mpira, anakaa chumbani. Anaanza kuamini kwamba yeye kweli ndivyo wanavyomwita. Wengine wanajiumiza, wengine wanafika mahali pa kutamani kufa. Mwaka 2019 shirika la UNICEF liliuliza vijana wa nchi 30, na zaidi ya theluthi moja walisema wameshaonewa mtandaoni. Mmoja katika kila watano alisema aliwahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Fikiri darasa la wanafunzi 50, uhesabu mwenyewe.

Tena afadhali Hana. Alipofika hekaluni aliweza kusogea kando akaomba. Huyu wa leo Penina wake analala naye chini ya mto, ana bando la usiku!

MZAZI, USIWE ELI

Sasa tazama watu wazima katika habari hiyo. Elkana mumewe alimpenda, lakini alimwuliza kwa nini unalia na papo hapo akajijibu mwenyewe. Kuhani Eli ndiye aliyezidi, alimwona mama anatikisa midomo bila sauti, akadhani amelewa. Mtu anakufa moyoni, mchungaji anaona pombe!

Mzazi, mara ngapi umesema "mtoto huyu siku hizi ana kiburi"? "Ana uvivu"? Mimi ni mtu wa maombi, na naamini mapepo yanatoka kwa jina la Yesu. Lakini usimkimbize mtoto kwenye kutolewa pepo kabla hujamwuliza kwa upole ni nani anamwandikia na anaandika nini. Keti naye. Nyamaza. Sikiliza mpaka mwisho, hata kama yeye mwenyewe alikosea akatuma picha. Na tafadhali, usimnyang'anye simu kama adhabu kwa kukwambia ukweli, maana siku nyingine hatakwambia. Eli ninamsifu kwa jambo moja, alipoelewa alibadilisha kauli yake palepale akambariki, na Hana akaenda zake akala chakula.

Mambo ya sheria nitayapitia upesi. Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu cha 23 kinasema anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumtesa mtu moyo wake, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2018. Kwa hiyo usiseme "ni mtandaoni tu".

WEWE UNAYEUMIZWA

Mwanangu, usimjibu matusi. Piga skrinshoti, tarehe na namba zionekane, halafu mzuie. Lakini kama ni picha ya utupu ya mtoto, usiisambaze kwa mtu yeyote hata kwa nia ya ushahidi. Nenda na mtu mzima unayemwamini polisi. Tanzania ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Anayekudai hela au picha nyingine ili asikuaibishe, usimpe. Akipewa moja atataka ya pili.

Na kama umeanza kuwaza kwamba heri usingekuwepo, mwambie mtu LEO kabla hujalala. Mwambie mama, shangazi, mwalimu, mchungaji. Ukikosa, piga 116, ni namba ya kuwasaidia watoto, ipo Tanzania na ipo Kenya, hulipii. Aibu hii unayoiona kubwa kama mlima, aliyekuumba aliiona kabla yako na hajakukataa.

NA WEWE MWENYE KIDOLE

Usije mbele kulia tu halafu simu ikabaki vilevile. Futa ile picha na ile stika usiku huu. Andika katika grupu lilelile, mbele ya walewale, kwamba ulikosea. Ulimtukana hadharani, usimtubie chooni! Halafu mfuate mwenyewe umwombe msamaha kwa mdomo, na asipokusamehe siku hiyo, usimlazimishe.

Baada ya mahubiri, upande wa kushoto wa jukwaa wapo mama wawili na kaka mmoja wamevaa vitambaa vyeupe begani. Kazi yao ni kuwasikiliza vijana. Hutasimamishwa kwenye kipaza sauti, wala jina lako halitatajwa kwenye ushuhuda. Ukitaka kuja na rafiki, njoo naye. Kama unaona haya kuanza kusema, wape karatasi hii tu, watajua.