Kosa la Chungu Kipya

Hapana mama wa zamani asiyejua ya kuwa chungu kipya hakibandikwi mekoni siku ile ile kinapotoka sokoni. Kwanza huloweshwa majini hata kiache kutoa mapovu. Kisha hukaushwa kivulini, na wengine hukipaka mafuta. Ndipo hupikiwa uji mwepesi kwa moto mdogo, na uji ule huachwa upoe humo humo, kisha humwagwa. Baada ya hayo ndipo chungu huitwa chombo cha nyumba.

Desturi hii si ushirikina. Vyungu vyetu huchomwa kwa moto wa wazi, ambao joto lake halifiki lile la tanuri za kaure, kwa hiyo udongo wake hubaki na vitundu vidogo sana. Ukikibandika ghafula juu ya moto mkali, kitako hutanuka hali mdomo ungali baridi. Na unyevu uliojificha vitunduni hugeuka mvuke, ambao hujaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Udongo hauwezi kustahimili. Moto wa polepole huutoa unyevu bila ghasia, na uji huziba vile vitundu. Wachina wa Yixing, katika jimbo la Jiangsu, ambao wamefinyanga mabuli ya chai ya udongo usiopakwa rangi ya kioo tangu karne ya 16 hivi, nao hushika njia iliyo jirani na hii: buli jipya huchemshwa taratibu pamoja na majani ya chai, kisha wengi hulitengea chai ya namna moja tu.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Miaka michache iliyopita nilipita Matema, kaskazini ya Ziwa Nyasa, wauzapo vyungu wanawake wa Kikisi, ambao huvifinyanga kwa mikono. Nikanunua kimoja, nikampelekea mke wa mdogo wangu, aliyekuwa ameolewa karibuni. Yeye amelelewa mjini, kwa masufuria. Alishukuru sana, na kesho yake akatia maharagwe, akachochea kuni. Kabla ya saa sita chungu kilikuwa vigae, na maharagwe majivuni.

Mama yetu alikuwapo. Akasema, “Mwanangu, kwenu hawakukufundisha?” Shemeji aliinama akaokota vigae asijibu. Nami niliketi pale pale, nikanyamaza.

Je, kosa lilikuwa la nani? Wengi watasema la yule binti, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Lakini auliza yule ajuaye ya kuwa pana neno la kuulizwa. Kwake yeye chombo cha kupikia ni chombo cha kupikia. Hakuona mlango uliofungwa hata aupigie hodi. Wengine watamlaumu mfinyanzi. Naye ana udhuru, kwani tangu enzi za bibi zake wanunuzi walikuja wakijua. Ila masufuria yameingia kila nyumba, na elimu iliyokuwa ya wote sasa ni ya wachache. Nadhani hapo ndipo wajibu unapohama: jambo linapokoma kujulikana na wote, ajuaye hawezi tena kujitetea kwa kusema, “Nilidhani wajua.”

Ajuaye alikuwa mimi. Nimemwona mama akitayarisha vyungu tangu utoto. Nilitoa udongo, nikazuia maneno mawili ambayo bila hayo udongo ule haukuwa zawadi bali mtego. Hilo la kwanza huenda mtu akalisamehe, kwani lilikuwa la kusahau. La pili silioni udhuru wake. Nilipomsikia mama akimlaumu mkwe wake, nilijua kweli iliyokuwa ikihitajiwa, nayo haikunigharimu ila aibu kidogo. Tena lawama haikukoma kwa binti; ilivuka mito ikamfikia mama yake mzazi, ambaye hakuwapo wala hakuwahi kukiona kile chungu. Huenda hatusemi uongo hata neno moja, na bado mtu wa mbali akapoteza jina lake jema kwa kimya chetu.

Mwaka uliofuata nilileta chungu cha pili, nikaketi jikoni pamoja na shemeji. Tulikilowesha, tukakikausha, tukakipikia uji. Mama aliingia, akauliza ni nani aliyemfundisha. Nikasema ni mimi, na ya kuwa nilichelewa mwaka mzima. Nikamweleza na habari ya kile cha kwanza.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimekwisha kumwambia mama yake huyu binti.

Nilikuwa sijamwambia.