Wageni wa Kibera
Kijana wa Ulaya atumikaye katika mtaa wa Kibera, mjini Nairobi, wazazi wake wakivuka bahari kumzuru, awaonyeshe nini? Wengi huonyesha matope na mabati tu. Wageni hulia, hupiga picha, hurudi kwao. Desturi hiyo hatuipendi, maana wenyeji wa pale si wanyama wa mbugani. Nathanaeli naye aliidharau Nazareti. Filipo hakubishana naye, alimwita tu aje ajionee. Basi na awapeleke asubuhi penye bomba, akina mama wanunuapo maji kwa mtungi, na jirani humlipia jirani asiye na senti. Waketi kwa fundi cherehani, waitikie salamu, wanywe chai waliyokaribishwa. Tena mama yake na ajitwike mtungi mmoja hata mlangoni pa mwenyeji wake. Watoto watamcheka, lakini watamwonyesha njia.