Kusifu na Kutunza

Huko Norwei, meli hupita katika Sognefjord, mkono wa bahari uingiao nchi kavu zaidi ya kilometa 200, baina ya milima iliyochongwa na barafu. Abiria husimama sitahani, husifu, kisha huenda zake. Mlima haumdai kitu.

Sisi wa Malakisi hatumo melini. Mlima Elgon, wenye kimo cha meta 4,321, nao ulichongwa na barafu zamani; lakini huko ndiko utokako mto tunaounywa. Je, yatosha kuusifu? La. Mpita njia hulipa kwa sifa. Mwenyeji hulipa kwa kutunza. Maskini atauliza: “Nisipochoma makaa, wanangu watakula nini?” Swali lake ni la haki, nalo latudai sote. Lakini akataye mti asipande mwingine, hukausha mtungi wa mjukuu wake.