Mnara wa Nyumbani na Haki ya Jirani

Mtu aweza kujenga kibanda shambani mwake bila ya kumwuliza jirani, maana kibanda hakitembei. Aweza pia kuwasha moto jikoni mwake; lakini moshi ukivuka ua, jambo lililokuwa lake peke yake huwa la watu wawili. Swali la mnara wa simu wa nyumbani ni swali la moshi, si la kibanda.

Zamani mnara wa simu ulikuwa milki ya makampuni makubwa, na siri zake zilifungwa ndani ya mitambo. Redio inayoongozwa kwa programu imeigeuza hali hiyo. Kazi ya kuchuja na kufasiri mawimbi, iliyofanywa na vipande vya mtambo, sasa hufanywa na kompyuta, na chombo chenyewe chatosha juu ya meza. Mwaka 2008 waundaji wa programu ya OpenBTS waliijaribu katika jangwa la Nevada, Marekani, na simu za kawaida zikazungumza kwa njia yake. Mwaka 2013 wenyeji wa Talea de Castro, katika milima ya Oaxaca nchini Meksiko, walijijengea mtandao wao wenyewe, kwa kuwa makampuni hayakuwafikia.

Na afikiriwe kijana wa Bugomora, katika Wilaya ya Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Hiyo ni nchi ya vilima na migomba, nayo wilaya imepakana na Uganda na Rwanda. Mawimbi hayana hati ya kusafiria: mpakani simu yaweza kuiacha 640, namba ya mitandao ya Tanzania, ikashika 641 ya Uganda au 635 ya Rwanda, na mwenyewe hajainua mguu. Kijana huyu ana kompyuta na chombo cha redio, na nyuma ya kilima chao simu hazisikiki vema. Je, ana haki ya kusimamisha mnara wake?

Hoja ya kwanza yampa haki. Elimu si mali ya kampuni, wala hapana fundi aliyejua kazi kabla ya kuijaribu. Tena fimbo ya mbali haiui nyoka. Mnara ulio ng'ambo ya kilima haumwiti mkunga.

Hoja ya pili yamzuia. Katika mtandao wa kizazi cha pili simu hujithibitisha kwa mnara, lakini mnara haujithibitishi kwa simu. Simu ni kama mgeni ajitajaye jina mlangoni bila ya kuuliza mwenye nyumba ni nani. Kwa hiyo simu ya jirani yaweza kuvutwa na mnara wa kijana pasipo yeye kukusudia. Usiku huo mama mwenye uchungu akapiga simu, nayo isifike popote. Kijana amepata elimu, lakini karo imelipwa na mwingine. Udhaifu huohuo ndio mtego wa wanaonasa simu za watu kwa nia mbaya.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 yataka leseni kwa matumizi ya masafa. Wapo wasemao kuwa sharti hili ni ukuta wa matajiri. Walakini masafa ni kama kisima cha kijiji: asiye na zamu akikoroga maji, wote hukosa. Lakini anayeshika ufunguo wa kisima ana deni kwa wenye kiu. Deni hilo lilikubaliwa na dola kwa sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kukataza bila ya kufikisha huduma ni nusu ya haki.

Basi kijana asinyimwe jaribio, ila alifunge. Aweke chombo na simu zake ndani ya kasha la chuma, apunguze nguvu, atumie laini zake mwenyewe na namba 001 iliyotengwa kwa majaribio, kisha apime nje kama mawimbi yamevuja. Akitaka kulifungua kasha, kwanza aombe idhini, na jirani zake wajue. Mpaka wa haki ya mtu si ukuta wa nyumba yake, bali ni pale athari ya tendo lake inapokoma.