Mvutaji, Ngozi Yake na Hukumu Yetu

Msikitini na kanisani, Kibaha hadi Kisarawe, Nabii Ayubu anafahamika: mtu mwema aliyejaribiwa kwa maradhi. Katika Biblia majipu yanamwenea kuanzia nyayo hadi utosi, na rafiki zake wanashikilia kwamba hayakuja bure, lazima ipo dhambi anayoificha. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao. Leo sayansi inaonekana kuwapa rafiki wa namna hiyo hoja mpya. Soriasisi, ugonjwa sugu ambao kinga ya mwili huishambulia ngozi yenyewe, huwapata zaidi wavuta sigara. Basi mvutaji aliyeota magamba viwikoni na magotini tumwambie amejitakia? Hapana. Ushahidi huu unatuwajibisha kwa ya kesho. Hautupi haki ya kuhukumu ya jana.

Tuutazame wenyewe. Marekani, wauguzi wanawake zaidi ya 78,000 walifuatiliwa tangu 1991 hadi 2005. Hatari ya soriasisi kwa waliokuwa wakivuta ilizidi ya wasiowahi kuvuta kwa takriban asilimia 78. Kwa walioacha, asilimia 37. Kadiri miaka ya kuacha ilivyoongezeka, hatari ilishuka, na baada ya miaka 20 hivi ikakaribia ya asiyevuta kabisa. Si soriasisi pekee. Wengi wanaotokwa na malengelenge ya usaha viganjani na nyayoni ni wavutaji, na mgonjwa wa lupasi ya ngozi (nao ni ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili) anayevuta mara nyingi hapati nafuu ya kutosha kwa dawa za jamii ya klorokwini.

Atasema mtu: mbona wengi huvuta na ngozi zao nyororo, na wengine wanaugua bila kugusa sigara? Ni kweli, na ndiyo maana takwimu za maelfu haziwezi kumtia hatiani mtu mmoja. Hakuna daktari, awe hospitali ya Tumbi au Muhimbili, awezaye kulitazama gamba akaapa kwamba limeletwa na moshi. Lakini wajibu wa kujihadhari hausubiri yakini. Katika karne ya 17 Abd al-Ghani al-Nabulsi wa Damascus alitetea uhalali wa tumbaku, huku wanazuoni wa Kiibadhi wa Oman wakiipinga vikali. Hoja ya madhara ilikuwa na uzito katika mabishano hayo, na leo mizani yake imeelemea upande mmoja. Anayeuona mwili kuwa amana, au hekalu, hawezi kujifanya hajasikia.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ukimwondolea mvutaji lawama, umempa ruhusa. Ingekuwa hivyo kama lawama ingesaidia kuacha. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake Tanzania hutumia tumbaku. Pengine aibu inachangia tofauti hiyo, lakini kumzuia asiyeanza ni jambo moja, na kumtoa aliyekwisha kunaswa na nikotini ni jingine. Wengi walianza wakiwa vijana, vijiweni, kwa sigara inayouzwa mojamoja, kabla hiari yao haijakomaa. Isitoshe, mgonjwa wa soriasisi tayari anashukiwa. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau au kahawia, yenye magamba ya kijivu, na watu husema ni ukoma, Ukimwi au karogwa. Baada ya swala mkono wake unakwepwa. Mzidishie lawama, naye ataificha pakiti hata kwa daktari, ashindwe kusaidiwa palepale alipohitaji msaada. Lawama basi inauangusha wajibu uleule inaodai kuulinda. Shehe na mchungaji waseme waziwazi kwamba sigara inadhuru, kisha wawe wa kwanza kumpa mgonjwa mkono na kusimama naye mpaka aache, hata kama ataangukia njiani mara kadhaa.