Kugusa Ni Kuamua

Mkono ukishagusa kete, akili haina tena la kusema. Ndivyo ilivyo sataranji ya mashindano chini ya sheria za FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huo: kete yako uliyoigusa kwa nia ya kucheza lazima uisogeze, na ya mpinzani uliyoigusa lazima uile, mradi hatua hiyo ni halali. Anayetaka tu kuiweka sawa kete iliyokaa upande hutangaza nia yake kwanza, ndipo anyooshe mkono.

Tazama meza ya wachezaji wawili wa kawaida, watu wa kazi na familia, waliokuja mashindanoni siku ya mapumziko. Mmoja amecheza vizuri saa mbili nzima, yuko mbele, dakika zake zinayoyoma, na vidole vyake vimeshashika kichwa cha farasi. Hapo ndipo anapoona kwamba farasi huyo ndiye aliyekuwa akimkinga malkia. Katika ngazi hii michezo mingi hupotea hivyo hivyo, vidole vikitangulia macho. Hata hivyo naipenda sheria hii, kwa kuwa inamheshimu mchezaji: inamhesabu kuwa mtu mzima ambaye tendo lake lina uzito, hata pale asipotazamwa na yeyote ila mpinzani wake.

Ukikaa mbele ya ubao jioni ya leo, kalia mikono yako kwanza. Utazame ubao wote, mpaka pembe ya mbali. Kisha gusa.